Kupe Sonara na Hereni za Ndama

Mimi Mhando ni mtu wa Tanga. Nimeuza masufuria kutoka Korogwe mpaka Kalemie, nimelala nchi nne, na lugha sita najua kuomba maji. Lakini ng'ombe nilikuwa namjua kwenye sahani tu. Ndiyo maana Alhamisi moja, huko Usukumani, shemeji yangu Mwalu aliponikabidhi ng'ombe wake kumi na wawili niwapeleke josho wakaogeshwe dawa, nilifika na kumi na mmoja.

Mwalu, mke wa kaka yangu, alikuwa ametangulia. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa josho, kanga kajifunga kiunoni. Akawatazama ng'ombe wake wakija, akawatazama mara moja tu.

"Shemeji, Mabaka yuko wapi?"

"Nimemwacha zizini," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyetenda jema. "Yule anaumwa. Masikioni ana chunjua. Kubwakubwa, za kijivu, kama kunde. Nikaona dawa ya josho itamchoma, maskini."

Foleni nzima ya wafugaji ikanigeukia. Hata ng'ombe, nadhani.

"Chunjua," akasema Mwalu.

"Chunjua."

"Zina miguu?"

Nikafikiri kidogo. "Sasa unavyosema hivyo..."

Sikumaliza. Watu wa vijiji viwili walicheka mpaka Ndaturu, bwana wa josho, akaweka chini mti wake wa kukorogea dawa, akajishika mbavu. Nimewahi kufukuzwa mnadani, nimewahi kudondoka kwenye kivuko na masufuria thelathini. Lakini kuchekwa na josho zima, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Mwalu peke yake hakucheka. "Wote umewaleta, ukamwacha mwenye kupe," akasema. "Na ana ndama wa wiki sita, analala naye."

Kaka yangu akatoka kwenye foleni, akapanda baiskeli, akaenda kumfuata Mabaka na mwanawe.

Ndaturu akasema, "Mumnyweshe maji kwanza njiani. Sitaki ng'ombe mwenye kiu kwenye dawa yangu. Na jua likifika juu ya ule mgunga, nafunga geti."

"Na huyu shemeji?" akauliza mtu.

"Huyu alipe faini," akasema Mwalu. "Tunangoja kwa sababu yake. Atusimulie ngano. Na iwe ya kupe, ili ajifunze na yeye."

Nikapanda ukutani. Nikapiga makofi.

"Ngano ipo mlangoni!"

Wakanitazama. Ikabidi niwafundishe. "Semeni: na iingie!"

"Na iingie!"

"Ina matope miguuni!"

"Na iingie vivyo hivyo!"

Basi ikaingia.

Hapo zamani, zamani ile ambayo hata josho hili halijachimbwa, Ng'ombe aliishi bondeni. Alikuwa na ndama mmoja, jina lake Kidoa. Kabla ya Kidoa alizaa wawili, na wote wawili walikufa kabla ya kuota pembe. Kwa hiyo Kidoa ndiye alikuwa roho yake. Ng'ombe akila, jicho moja kwa Kidoa. Akinywa, jicho moja kwa Kidoa. Akilala, sikio moja kwa Kidoa.

Jirani yake alikuwa Kuku. Kuku alikuwa mdogo wa mwili, mkubwa wa kelele, na hakujua kabisa kusema jambo kwa adabu. Kutwa alizunguka miguuni mwa Ng'ombe, akidonoa hiki, akidonoa kile.

"Kama shemeji Mwalu," akasema Ndaturu.

"Endelea wewe," akaniambia Mwalu.

Siku moja Kupe akapanda ncha ya jani. Alikuwa mdogo kama punje ya ufuta. Akainua miguu yake ya mbele juu kama mtu anayeomba dua, akangoja. Ng'ombe alipopita, Kupe akaimba:

*Nifungulie sikio, mama, mwenzio ni mdogo,*
*Sili wala sipiki, nafasi yangu kidogo.*

"Hodi, Mama Ng'ombe!"

"Karibu. Nani wewe?"

"Mimi yatima. Sina baba, sina mama, na nje kuna baridi. Nihifadhi humo sikioni siku tatu nne."

Kuku akanyoosha shingo. "Ana miguu sita," akasema. "Na mdomo wake ni wa kuchoma. Mtu wa mdomo huo halali bure."

"Kuku, huna huruma," akasema Ng'ombe. "Ingia, mwanangu."

Kupe akaingia. Akachagua mahali penye ngozi laini, penye joto, pasipofika ulimi wala mkia. Akachoma. Akanywa.

"Aa! Mbona unanichoma?"

"Samahani, mama. Nimeota ndoto mbaya, nikajishika kwa nguvu."

Ng'ombe akamwonea huruma zaidi.

Baada ya siku chache Kupe akashiba, akaachia, akadondoka kwenye nyasi bila kuaga. Ng'ombe akasema, "Mgeni mstaarabu yule! Hakungoja nimfukuze."

Kumbe Kupe yuko chini, kwenye mashina ya nyasi, anavua ngozi. Ngozi ya zamani ikabaki pale kama shati bovu. Akatoka mkubwa zaidi, na miguu minane.

Akapanda ncha ya jani. Akainua miguu ya mbele. Akangoja. Ng'ombe alipopita, akaimba:

*Nifungulie sikio, mama, mwenzio ni mdogo,*
*Sili wala sipiki, nafasi yangu kidogo.*

"Hodi, Mama Ng'ombe!"

"Karibu. Nani wewe?"

"Mimi mjane. Mume wangu kakanyagwa na Tembo. Nihifadhi humo sikioni siku tatu nne."

Kuku akaja mbio. "Ni yuleyule!"

"Yuleyule vipi? Wa kwanza alikuwa na miguu sita. Huyu ana minane. Hujui kuhesabu?"

"Miguu imeongezeka, mdomo ni uleule!" akasema Kuku, akaruka kumdonoa. Akamkosa kidogo tu, akala jani.

Ng'ombe aliona aibu. Ninyi wafugaji mnajua aibu ya mgeni kudonolewa mlangoni kwako. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, mama. Kuku wangu ana kichaa. Kakae kwanza kwa shemeji yangu Nyati, kule ng'ambo ya mto. Kuku akisahau, urudi. Mlango wangu uko wazi."

Mmeona? Hakuna aliyemwonyesha Kupe njia ya kwa Nyati. Ni Ng'ombe mwenyewe, kwa adabu yake.

Sasa Nyati alikuwa na homa ndani ya damu yake. Homa ile haikumsumbua. Alikuwa anaishi nayo kama mtu anavyoishi na mama mkwe: wanakutana kila siku, hawazungumzi. Kupe akaingia sikioni kwa Nyati. Akachoma. Akanywa damu, na homa ikaingia naye tumboni. Akashiba, akadondoka, akavua ngozi mara ya pili. Sasa akawa mtu mzima, bapa, kahawia. Na homa ya Nyati kaiweka mdomoni, kama mtu aliyeweka tumbaku.

Akarudi bondeni kwa Ng'ombe. Akapanda ncha ya jani. Akainua miguu ya mbele. Akangoja.

*Nifungulie sikio, mama, mwenzio ni mdogo,*
*Sili wala sipiki, nafasi yangu kidogo.*

"Hodi, Mama Ng'ombe!"

"Karibu. Nani wewe?"

"Mimi sonara," akasema Kupe. "Nimetembea nchi nyingi, nimevisha wakubwa wengi. Nasikia una ndama mzuri, na masikio yake matupu! Nimeona vibaya. Nipe siku kumi humo sikioni, nitamvisha hereni. Na hereni zangu si kama za wengine. Za wengine zinachakaa. Zangu kila siku zinakua."

Ng'ombe moyo ukamwenda mbio. "Zinakua?"

"Zinakua, mama. Tena hutazifunga wewe. Zinajishika zenyewe."

Nisimcheke sana Ng'ombe. Hata mimi hereni hizo nimeziona zizini asubuhi ya leo, nikaziita chunjua.

Kuku akaja, mbawa juu. "Ng'ombe! Mtazame mdomo! Mara ya kwanza yatima, mara ya pili mjane, leo sonara! Miguu inabadilika, kazi inabadilika, rangi inabadilika. Mdomo ni ule! Usimpe Kidoa!"

Hapo Ng'ombe akakasirika, akasema neno baya. Akasema, "Wewe unayechakura mavi yangu kila asubuhi, ndiye wa kunifundisha kuchagua wageni?"

Kuku akashusha shingo. Akakunja mbawa.

"Nayachakura, ndiyo," akasema. "Ndiyo maana najua ndani yako kuna nini. Jana nimeona nyuzi nyeupe zinajinyonganyonga humo. Nilitaka kukwambia leo. Basi."

Akahama. Akaenda kukaa kwa Mbuzi.

Kupe Sonara akaingia sikioni kwa Kidoa. Akachoma, na homa ya Nyati ikashuka pamoja na mate yake. Kisha akawaita ndugu zake. Sikio la kulia hereni mbili, la kushoto hereni tatu. Siku ya pili zilikuwa kama mbegu za mtama. Siku ya tano kama choroko. Siku ya nane kama kunde, za kijivu, zinang'aa.

Ng'ombe akamtembeza Kidoa bonde zima. "Tikisa kichwa, mwanangu, wakuone!" Kidoa akatikisa. Pundamilia akasema, "Makubwa!" Kondoo akasema, "Na mimi nitafutie fundi huyo!" Akatafutiwa.

Siku ya tisa, Ng'ombe akamlamba Kidoa, ulimi ukakuta uvimbe chini ya sikio.

"Sonara! Mbona mwanangu kavimba hapa?"

"Ananona, mama," ikatoka sauti sikioni. "Hilo ni shavu."

Siku ya kumi ulimi ukakuta uvimbe mwingine, mbele ya bega.

"Sonara! Na hapa?"

"Nguvu hiyo, mama. Atakuwa fahali wa kuogopwa."

Siku ya kumi na moja Kidoa alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Alikataa kunyonya. Machozi yalimtoka, akakohoa, akasimama kichwa chini na masikio yamelala.

"Sonara! Na hii? Sonara!"

Ng'ombe akatazama sikioni. Hereni kubwa kuliko zote haikuwapo. Kupe alikuwa ameshiba, ameachia, ameanguka kwenye nyasi. Safari hii pia hakuaga.

Hapo Ng'ombe akakumbuka ndama wake wa kwanza. Akakumbuka wa pili. Nao pia walikuwa wamenona mashavu kabla ya kufa.

"Ndigana kali hiyo, homa ya kupe," akasema mwanamke mmoja kwenye foleni, polepole. "Mimi nilipoteza wanne mwaka mmoja."

Hakuna aliyecheka. Nikatazama barabarani. Kaka yangu hajaonekana.

"Ng'ombe akafanya nini?" akauliza Mwalu.

Ng'ombe akakimbia kutafuta msaada.

Kwanza akamkuta Fisi. "Fisi, mwanangu ana homa!"

"Pole sana," akasema Fisi, na mate yakimtoka. "Mlete kwangu. Nitamuuguza mwenyewe. Wewe nenda kapumzike mbali kidogo."

Ng'ombe hakuwa mjinga kiasi hicho. Akapita.

Pili akamkuta Nyati. "Shemeji, mwanangu ana homa!"

"Homa?" akasema Nyati, anatafuna. "Mimi ninayo tangu utoto. Atazoea."

"Hanyonyi! Hasimami sawasawa!"

"Atazoea tu," akasema Nyati. Hakuwa mtu mbaya. Ila alidhani mwili wa kila mtu ni kama wake.

Tatu, Ng'ombe akasimama mlangoni kwa Mbuzi. Akasimama hapo muda mrefu, kwa sababu mguu wa mtu aliyetukana ni mzito. Kuku akatoka.

"Kuku, nilikutukana."

"Ulinitukana kweli. Homa ni siku ya ngapi?"

"Uvimbe siku ya tatu, moto umeanza leo. Kuku, nisamehe, mimi..."

"Msamaha utasubiri, homa haisubiri. Twende kwa Nungunungu."

Nungunungu alikuwa daktari wa bonde lile. Sindano alizaliwa nazo mgongoni. Akaja anatembea polepole, miiba inalia kwa kugongana. Akamshika Kidoa chini ya sikio. Akamshika mbele ya bega. Akaweka sikio ubavuni, akasikiliza pumzi.

"Mmempa nini?"

"Bado hatujampa kitu."

"Vizuri. Kuna wanaokuja wamewachoma ndama wao chuma cha moto kwenye uvimbe, halafu natibu homa na kidonda. Siku ya ngapi?"

"Moto umeanza leo."

"Ungekuja wiki ijayo ningekuja na jembe."

Akachomoa mwiba, akauchovya kwenye dawa yake, akamchoma Kidoa pajani. "Hii ni ya homa. Atapata tena nitakapokuja. Awekwe kivulini, apewe maji, na asikimbizwe."

Ng'ombe akasema, "Kuku ameshamtoa kupe wote waliobaki. Si basi, atapona?"

Nungunungu akamtazama. "Mwizi akishaiba, ukifunga mlango, kilichoibwa kinarudi?"

"Hapana."

"Kupe wametoka. Homa waliyoileta iko ndani. Kutoa kupe ni kazi moja, kutibu homa ni kazi nyingine. Usizichanganye."

Siku ya kwanza Kidoa hakuinuka. Siku ya pili Kidoa hakuinuka. Ng'ombe hakula, akasimama juu yake kumkinga na jua. Siku ya tatu Kidoa akatikisa mkia. Kisha akainuka kwa magoti, akayumba, akatafuta chuchu.

"Ee!" wakasema watu wa foleni.

"Ngojeni," nikasema. "Ngano haijatoka."

Nungunungu akarudi, akawaambia, "Sasa tutafute mlango ulioachwa wazi. Ng'ombe, jipekue."

"Nimejitazama. Ni msafi, nang'aa."

"Mgongo ndio unaong'aa. Kupe hakai mgongoni pa kuonekana. Kuku, tazama ndani ya masikio yake. Tazama chini ya mkia. Tazama kwapani, na kwenye kiwele."

Kuku akatazama. Alikula siku ile mpaka akashindwa kuwika, na si jogoo.

"Na zile nyuzi nyeupe nilizoziona mavini," Kuku akasema, mdomo umejaa, "hizo nimwambie au bado amekasirika?"

"Niambie," akasema Ng'ombe kwa upole.

"Minyoo. Ndiyo maana unakula na hunenepi, na manyoya yamesimama. Unachunga palepale penye majimaji kila siku, mavi yako hapo, chakula chako hapo."

"Hiyo ina dawa ya kunywa," akasema Nungunungu. "Na uwe unahama malisho. Nyasi zipumzike."

Kisha Nungunungu, ambaye kuchimba ni kazi yake, akachimba shimo refu, jembamba, lenye kina. Wakalijaza maji. Kuku akaleta majani ya utupa, yale ambayo watu huyaponda mtoni samaki wakalewa. Ng'ombe akayakanyaga kwa kwato zake mpaka yakatoa maji ya kijani, wakayamimina shimoni. Kidoa, kwa kuwa alikuwa mdogo, waliosha masikio yake kwa majani yaliyochovywa, taratibu. Lakini Ng'ombe alitakiwa aruke ndani.

Akasogea ukingoni. Kumbe ndani kabisa ya sikio lake la kushoto, Kuku alimkosa kupe mmoja. Ni yule mdogo wa mwisho wa ndugu za Sonara. Akanong'ona:

"Mama Ng'ombe, usiruke. Kina kirefu. Utazama."

Ng'ombe akarudi nyuma.

"Mama Ng'ombe, Kuku anataka ufe arithi zizi."

Ng'ombe akarudi nyuma tena.

"Mama Ng'ombe, ingia mpaka magoti tu. Inatosha. Masikio yasilowe."

Hapo Ng'ombe akasimama. Akauliza, "Kwa nini masikio yasilowe?"

Kupe akajichimbia ndani zaidi.

Ng'ombe akaruka. Chubwi! Kichwa kikazama, pembe zikazama, masikio yakazama. Akaibukia upande wa pili anapiga chafya, maji ya kijani yanamtiririka. Baada ya muda kupe wakaanza kudondoka kama mchanga. Wa mwisho kudondoka alikuwa yule wa sikio la kushoto.

Ng'ombe akajitikisa. "Nimemaliza! Sirudi tena kwenye shimo hili."

Kuku akapekua waliodondoka, mmoja mmoja. "Sonara yuko wapi?"

"Si hao?"

"Hayumo. Aliachia siku ya kumi na moja. Yuko wapi?"

Wakatazama malisho. Chini ya nyasi Kupe Sonara alikuwa amekufa kweli, amenyauka kama ganda. Lakini kabla ya kufa alitaga mayai, na mayai yalikuwa maelfu. Juu ya ncha za majani, bonde zima, watoto wadogo kama ufuta walikuwa wamesimama, kila mmoja na miguu sita, kila mmoja kainua miguu ya mbele juu. Wakaimba kwa pamoja:

*Nifungulie sikio, mama, mwenzio ni mdogo...*

Ng'ombe akatazama shimo. Akamtazama Kuku.

"Wiki ijayo," akasema Kuku.

"Na wiki ile nyingine?"

"Na ile nyingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waache kuimba."

Hawajaacha. Ndiyo maana mpaka leo ng'ombe huja josho, wiki baada ya wiki, hata anapong'aa. Na ndiyo maana mpaka leo Kuku huzunguka miguuni mwa Ng'ombe, na Ng'ombe hamtukani tena, hata akichakura yale anayochakura.

Mafunzo ya ngano hii mimi nimeyalipia leo kwa aibu, nyie chukueni bure. Mgeni mtazame mdomo, usihesabu miguu wala usisikilize kazi anayodai. Mnyama mpekue pale asipojilamba. Uvimbe chini ya sikio usiuite unono. Mgonjwa atibiwe siku ya kwanza, si siku ya jembe. Na josho halina likizo kwa aliye msafi.

"Ngano imetoka mlangoni!"

"Na itoke!"

"Imeacha matope sebuleni!"

"Tutafagia wenyewe!"

Wakapiga makofi. Na kabla makofi hayajaisha, kaka yangu akatokea na Mabaka, amekwisha kumnywesha, ndama anafuata nyuma. Jua lilikuwa limefika kwenye matawi ya mgunga. Ndaturu alikuwa ameshika geti. Akalitazama jua, akamtazama Mwalu, akaliachia geti.

Mwalu hakumgusa Mabaka kwanza. Alipiga magoti kwa ndama. Akamshika chini ya masikio, kulia, kushoto. Akamshika mbele ya mabega. Akaweka kiganja puani. Watu wote tukasogea kutazama, na mimi mbele kuliko wote.

"Hana moto," akasema. "Bado."

Akageuza kisikio cha ndama ndani nje, akakuta kupe mmoja mdogo. Akamkamata karibu na ngozi, akamvuta taratibu mpaka akatoka mzima na mdomo wake, akamtumbukiza kwenye kopo la dawa. Ndaturu akaleta bomba la mkono, wakampulizia ndama polepole, masikio na chini ya mkia. Kisha Mabaka akasukumwa, akaruka. Chubwi! Chunjua zangu zote zikazama.

"Kuanzia leo mtampima joto asubuhi na jioni, wiki tatu," Ndaturu akamwambia Mwalu. "Likipanda, mniite siku hiyohiyo."

Mabaka akaibuka, akapiga chafya, akasimama kwenye sakafu ya kuchurizia maji. Nikaona mambo yameisha vizuri. Nikaona pia kwamba nimetoa ngano nzuri, na mtu aliyetoa ngano nzuri anaweza kurudishiwa heshima yake kidogo.

Nikashuka ukutani, nikajikung'uta suruali. "Basi shemeji, Alhamisi ijayo nitawaleta wote kumi na wawili, nimeshajifunza."

Mwalu alikuwa anakamua maji kwenye kanga yake. Hakuinua kichwa.

"Alhamisi ijayo utaleta masufuria," akasema. "Ng'ombe nitaleta mwenyewe."